KoboToolbox kwa kufuatilia usawa wa kijinsia kati ya wahadhiri: inafaa, ila siri uilinde mwenyewe

Chuo kikuu cha Uganda kinachotaka kujua kama wahadhiri wa kike na wa kiume wanabebeshwa mzigo uleule kinaweza kuitegemea KoboToolbox, programu ya kutengeneza fomu za maswali na kukusanya majibu. Akaunti ya kawaida ni ya bure, fomu huweza kuandikwa kwenye Excel, na KoboCollect, programu yake ya kujazia fomu kwenye simu ya Android, huendelea kufanya kazi mtandao ukikatika.

Ubora wa matokeo unategemea maswali. Kuuliza "Je, unapata muda wa familia?" hakusaidii kitu. Uliza saa za wiki iliyopita: kufundisha, kusahihisha, kusimamia tafiti za wanafunzi, vikao vya kamati, kulea watoto au kuuguza nyumbani. Weka kikomo ili jumla isizidi 168, yaani saa zote za wiki. Saa za kamati zisichanganywe na za kufundisha, maana kazi hiyo hula muda na husahaulika upesi vyeo vinapojadiliwa. Uliza pia siku za likizo ya uzazi alizochukua kweli. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi na baba 4, kwa hiyo anayepunjwa ataonekana. Rudia wiki ileile ya muhula kila mwaka. Ukiangukia msimu wa mitihani, saa za kusahihisha zitavuruga ulinganisho.

Udhaifu mkubwa ni siri. Idara ikiwa na profesa mmoja tu wa kike, jinsia, cheo na idara vimekwisha kumtaja, hata bila jina. Uliza kitivo badala ya idara, ruhusu majibu bila nywila, zima kipengele cha kutambua simu, na usichapishe kundi la watu chini ya 5. Programu haitakukumbusha: ripoti zake huonyesha hata jibu la mtu mmoja.

Ripoti hizo pia hugawa majibu kwa swali moja tu. Ukitaka jinsia na cheo kwa pamoja, pakua data uichambue kwenye Excel. Pakua kwa majina ya ndani ya maswali, si maandishi yake. Ukipakua kwa maandishi kisha ukarekebisha neno moja mwakani, safu za miaka hiyo hazitalingana.

Kilicho nje kabisa ya uwezo wake ni walioacha kazi na wasiojibu. Ofisi ya rasilimaliwatu itoe idadi ya wahadhiri wote kwa jinsia na cheo, pamoja na walioondoka mwaka huo. Bila hiyo, asilimia zako ni za waliojibu tu, na aliyelemewa kupita kiasi ndiye mara nyingi anayekosa nafasi ya kujaza fomu.