London: basi au treni ya chini ya ardhi?

Kwa bei, basi linashinda: nauli moja inakuruhusu kubadilisha mabasi upendavyo ndani ya saa 1. Ila usitoe noti. Tangu 2014 dereva hapokei taslimu, unagusisha kadi tu. Panda namba 15 pale Trafalgar Square, wahi kiti cha mbele ghorofani, uone kanisa kuu la St Paul's likipita dirishani hadi ngome ya Tower of London.

Kwa haraka, Tube, yaani treni ya chini ya ardhi, haina mpinzani, maana foleni za juu zinachosha. Lakini huoni kitu, na vituo vingi havina lifti. Mwenye begi zito ajiandae.

Una watoto na siku tatu? Basi. Una saa sita kati ya ndege mbili? Tube. Kituo cha Leicester Square hadi jirani yake Covent Garden, mita 260 hivi? Tembea, bwana!