Seti ya Kwanza ya Matofali ya LEGO kwa Mtu Mzima wa Mombasa: Ipi Mbele, Ipi Nyuma

Kabla ya kuuliza bei, pima rafu. Titanic ya LEGO, yale matofali madogo ya kuchezea yanayounganishwa, ina vipande 9,090 na urefu wa sentimita 135. Mnara wa Eiffel una vipande 10,001 na husimama sentimita 149. Katika nyumba ya kupanga ya Kisauni au Tudor, hilo si pambo tena, ni mpangaji mwenzako. Rafu yenyewe isielekee dirisha lipigwalo na jua. Matofali haya ni ya plastiki ya ABS, na jua likiyazoea, meupe hugeuka manjano na sabuni haiyarudishi.

Bei igawe kwa idadi ya vipande ndipo ulinganishe seti mbili. Lakini hesabu hiyo ina mtego: Ramani ya Dunia ya 2021 ina vipande 11,695, na vingi ni vidoti vya kinundu kimoja, yaani kile kichomozo cha duara juu ya tofali. Idadi kubwa si lazima iwe plastiki nyingi.

Nafasi ya kwanza ni seti za mimea. Okidi (namba 10311) ina vipande 608 na kimo cha sentimita 39. Bonsai (10281) ina 878. Zote humalizika kwa jioni mbili tatu, chungu hakili nafasi, na hakuna stika za kubandika. Bonsai ina majani ya kijani na maua ya waridi ya kubadilishana. Yasogelee maua hayo uyatazame vizuri: mengi ni vyura wadogo wa plastiki. Ubaya wa mimea ni vumbi. Tafuta brashi laini ya rangi, maana kitambaa hung'oa petali.

Ya pili ni seti za LEGO ziitwazo Creator, za tatu kwa moja. Sanduku moja lina maelekezo ya maumbo matatu, ila hujengi la pili bila kubomoa la kwanza. Kwa anayependa kujenga kuliko kupamba, hapa ndipo pesa huzaa. Bomoa kwa kile kipande cha kutenganishia kilicho kama kabari. Meno huacha alama.

Speed Champions, magari ya mbio, ni ya tatu kwa sababu moja tu: stika. Tangu 2020 magari haya yana upana wa vinundu 8 na yanapendeza kwelikweli, lakini vidole vyenye jasho huacha mafuta kwenye gundi, na kwa unyevu wa Pwani pembe huanza kuinuka. Futa tofali kwanza, shika stika kwa kibano cha nyusi, bandika kuanzia ukingo mmoja.

Ya nne ni mitumba. Ukibahatika kukuta mfuko wa matofali kwenye vichezeo, Kongowea au kwingine, usinunue kwa macho. Kila kinundu cha LEGO halisi kina jina juu yake. Geuza tofali, washa tochi ya simu, utaona namba ndogo ndani: la vinundu 2 kwa 4 ni 3001. Yakiwa ya aina hiyo matupu, kilo moja ni takriban matofali 430, kwa hiyo ukiuziwa kwa kilo unaweza kukisia unachobeba. Ya kahawia na mekundu ya damu ya mzee yabane kidogo kabla ya kulipa. Baadhi ya rangi hizo za miaka iliyopita hukatika kama biskuti. Nyumbani, yaloweke nusu saa katika maji yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni laini, suuza, kisha yatandaze juu ya leso mbele ya feni. Usiyaanike juani, wala usiyaache garini mchana.

Kampuni nyingine ziko nafasi ya tano. Hataza ya tofali, yaani haki ya pekee ya kulitengeneza, ilishaisha, kwa hiyo kampuni kama COBI ya Poland hutengeneza matofali yake kihalali kwa jina lake. Sanduku lililoiga picha ya LEGO bila jina la mtengenezaji ni jambo jingine, liache. Muuzaji akikubali, panga matofali manane wima na uyatikise: yakilegea au mwanga ukipenya kwenye maungio, mnara mrefu utainama wenyewe.

Majitu ya vipande elfu kadhaa ni ya mwisho, kwa seti ya kwanza. Ukiagiza nje, VAT ya asilimia 16 huja pamoja na ushuru na ada nyingine, na wasafirishaji wa ndege mara nyingi hutoza kwa ukubwa wa sanduku, si uzito wake. Sanduku la seti lina hewa nyingi, na hewa hiyo utailipia nauli.

Siku ya kujenga, fungua mfuko namba 1 peke yake uumwage kwenye sinia. Vipande vidogo kubaki mwishoni ni kawaida, huwekwa vya ziada. Kikipungua kikubwa, rudi kurasa chache: aghlabu umekitumia mahali pa kinachofanana nacho. Chini ya balbu ya manjano, nyeusi na buluu iliyokoza ni rangi moja, basi hatua hizo zifanye mchana.