Huduma ya kukata kwato inayofika bandani: mkono mzuri, ufuatiliaji unaopwaya

Nimeitumia huduma hii mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kwa ng'ombe wanne wa maziwa ninaowafugia ndani katika kihamba changu, shamba la nyumbani, upande wa Machame, Kilimanjaro, na mara zote tatu nimelipa kwa fedha yangu mwenyewe. Wanaoitoa ni vijana wawili, fundi na msaidizi wake, ambao hupanda mlima na guta lililobeba sanduku la zana pamoja na kibanio cha kumshikia ng'ombe, cha mabomba ya chuma, kinachofunguliwa vipande vipande. Bei ni shilingi 20,000 kwa ng'ombe mmoja, miguu yote minne, na huongezeka pale ng'ombe anapohitaji kuvishwa kiatu, jambo nitakalolieleza mbele. Kwa kazi ya kisu ningewapa alama zote. Kwa yale yanayofuata baada ya kisu kurudi kwenye ala, ningewapa nusu.

Aliyenifanya niwatafute ni ng'ombe chotara wa Frisiani niliyemnunua kwenye mnada mmoja wa mifugo huku Kaskazini kwa shilingi 1,650,000, wiki tatu baada ya kuzaa. Minada yetu hujaa ng'ombe wa asili wanaokwenda machinjioni, na ng'ombe wa maziwa akionekana pale, mnunuzi hana budi kujiuliza amefikaje, kwa sababu mwenye ng'ombe mzuri wa maziwa hahangaiki kumswaga hadi mnadani: wateja humfuata bandani. Mimi sikujiuliza. Nilitazama kiwele, ambacho kilikuwa kimejaa hadi chuchu zinadondosha, na sikukumbuka kwamba ng'ombe asiyekamuliwa tangu jana jioni huwa na kiwele cha namna hiyo hata akiwa wa lita sita. Alikuwa amesimamishwa kwenye tope lililofunika kwato, dalali akimzungusha kila nilipoinama, na nilipoomba atembezwe mahali pakavu niliambiwa yupo mtu mwingine mwenye fedha mkononi. Kibali cha kusafirisha kilikuwa sahihi na ushuru nikalipa, lakini katika karatasi zote nilizotoka nazo hakuna hata moja inayosema lolote kuhusu miguu.

Wiki ya kwanza alinipa lita 14 kwa siku, na wiki ya tano zilikuwa zimeshuka hadi 9. Alikuwa akilala muda mrefu kuliko wenzake, akichelewa kufika kwenye kihondi cha kulishia, na akisimama huupeleka mguu wa nyuma wa kushoto upande kama mtu anayekwepa mwiba. Mgongo ulikuwa umepinda kidogo, nami nikadhani ndiyo maumbile yake. Fundi alikuwa bado hajashuka kwenye guta aliposema, "Mwalimu, yule wa mwisho ana tatu." Alikuwa akizungumzia kipimo cha uchechemeaji, ambacho huanzia 1 kwa ng'ombe ambaye mgongo wake umenyooka akisimama na akitembea, hadi 5 kwa yule asiyetaka kabisa kuukanyagia mguu. Tatu ni yule aliyepinda mgongo katika hali zote mbili, na ndipo mfugaji wa kawaida huanza kuona. Kumbe maziwa yameanza kupungua kabla ya hapo.

Kabla ya vijana hawa, hapa kijijini kwato zilikatwa kwa panga na nyundo. Ng'ombe hufungwa kamba, huangushwa chini, wanaume wanne humkalia, kisha mmoja huweka makali ya panga kwenye ncha ya ukwato na mwingine hupiga. Ncha hufupika kweli, lakini unyayo hubaki vilevile, kisigino hubaki vilevile, na uzito wa mnyama huendelea kukaa pale pale palipokuwa pakiuma. Sisemi hivyo kwa dharau, maana nami nimekuwa miongoni mwa waliokalia. Lakini ng'ombe mwenye mimba kubwa hapaswi kuangushwa kwa namna ile, na mtu akishaona kibanio kikifanya kazi huona aibu kidogo.

Kazi yenyewe ilichukua kama dakika arobaini kwa ng'ombe huyu mmoja, na nusu ya muda huo kwa kila mmoja wa wengine. Baada ya kumwingiza kwenye kibanio na kupitisha mkanda mpana chini ya kifua, msaidizi aliuinua mguu kwa kamba iliyozungushwa juu ya kifundo na kuufunga kwenye bomba la nyuma, halafu akausugua kwa maji na brashi hadi rangi ya ukwato ikaonekana. Fundi alitoa mfukoni kijiti cha mti alichokichonga mwenyewe, chenye urefu wa sentimeta 7.5, akakilaza mbele ya ukwato wa ndani kuanzia pale nywele zinapoishia. Kilichozidi kijiti alikikata kwa koleo. Kipimo hicho kinatokana na njia ya hatua tano ya kukata kwato iliyowekwa na daktari wa mifugo Toussaint Raven wa Utrecht, Uholanzi, na kinawafaa Frisiani wakubwa. Nilifurahi kuona kwamba alipofika kwa mtamba wangu wa Jezi alikiacha kijiti mfukoni, akawa anapunguza kidogo kidogo huku akibonyeza unyayo kwa kidole gumba. Unyayo ukikubali kidole, umebaki mwembamba mno na kisu kinapaswa kusimama hapo hapo.

Nilimuuliza kwa nini aanze na ukwato wa ndani, wakati hata mimi niliona kwamba wa nje ndio uliovimba. Alijibu huku akiendelea kukata kwamba katika miguu ya nyuma ukwato wa nje ndio hubeba uzito mwingi na kuota haraka, kwa hiyo hauwezi kuwa kipimo. Mtu hutengeneza kwanza wa ndani, kisha huushusha wa nje hadi zikae usawa. Katika miguu ya mbele mambo hugeuka, wa ndani ndio huelemewa. Kisha akachukua kile kisu chenye ncha iliyopinda, akakwangua unyayo wa ukwato wa nje tabaka kwa tabaka. Vipande vya kwanza vilitoka vyeupe kama jibini kavu, vikafuata vya manjano, kisha kikatoka kimoja chenye doa jekundu, na chini yake kidonda chenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, karibu na kisigino, kikiwa na harufu ambayo msaidizi wake alionekana kuizoea na mimi sikuizoea.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimeuziwa ugonjwa. Ukwato huota kama milimita 5 kwa mwezi, na jeraha linalotokea ndani huchukua takriban miezi miwili kufika juu ya unyayo likaonekana. Ng'ombe nilikuwa naye wiki ya sita, na alizaa wiki tatu kabla ya kuja kwangu. Fundi alieleza kwamba wakati wa kuzaa mishipa inayoushika mfupa ndani ya ukwato hulegea, mfupa ukashuka na kuibana nyama iliyo chini yake. Akiwa amesimama siku nzima juu ya sakafu ngumu, kidonda hujijenga kimya kimya. Hata hivyo hakuniacha nimlaumu muuzaji peke yake. Aliuliza nalisha nini, nikamwambia ukweli: pumba debe zima asubuhi kwa mkupuo, kwa sababu ndipo ninapokuwa na nafasi, na machicha ya mbege yakipatikana. Pumba nyingi kwa mara moja huchachusha tumbo, na tindikali ikizidi tumboni huishia kwenye kwato. Akanishauri nigawe mara tatu na nitangulize majani. Mkata kwato anayeuliza kuhusu lishe kabla ya kufunga sanduku lake ni mtu anayeijua kazi yake.

Alipomaliza kusafisha kidonda alikata sehemu yote ya ukwato iliyolegea kukizunguka, akapunguza kisigino cha ukwato huo ili usiguse chini, kisha akagundisha kipande cha mbao chini ya ukwato wa ndani, ule mzima. Wenyewe hukiita kiatu. Ng'ombe hukanyagia kiatu, na ukwato mgonjwa huning'inia hewani ukipona. Gundi yake ni ya chupa mbili zinazochanganywa, na kwa baridi ya asubuhi za huku juu huchelewa kushika, kwa hiyo msaidizi alikuwa amezitumbukiza chupa kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu tangu walipofika. Nilitaka kupaka mrututu, ile dawa ya shaba, juu ya kidonda, kama tulivyozoea, fundi akanizuia: unaunguza nyama mpya. Nikamwomba basi amchome sindano ya oksitetrasaiklini aliyokuwa nayo jirani. Akakataa hilo pia. "Mwalimu, hiki ni kidonda cha kubanwa, si cha wadudu. Ukimchoma utamwaga maziwa siku kadhaa bure. Na hata angehitaji, mwite daktari, mimi kazi yangu ni kisu." Wengi wangechoma na kudai shilingi elfu kumi za ziada.

Mabadiliko yalianza kuonekana siku ya tatu, alipofika kwenye kihondi pamoja na wenzake. Maziwa yalirudi taratibu, lita 11 baada ya wiki mbili, 13 baada ya mwezi. Hayakufika tena 14, wala sikutarajia, kwa kuwa kilele cha maziwa baada ya kuzaa kikishapotea hakirudi hadi uzao mwingine. Kwa gharama, kiatu kilinigharimu shilingi 35,000 juu ya ile 20,000. Nikipiga hesabu ya lita tano zilizokuwa zikipotea kila siku, fedha hiyo ilijilipa ndani ya wiki chache, na hapo sijahesabu kwamba ng'ombe anayeumwa miguu hapandi wenzake wala hasimami kupandwa, hivyo joto hupita bila mfugaji kuliona na mhimilishaji, yule anayepandisha kwa mrija, huitwa muda ukiwa umepita.

Sasa niseme yaliyoniudhi. Tulikubaliana kwamba angerudi baada ya wiki tano kutoa kiatu. Wiki ya sita nilipiga simu, nikaahidiwa Jumamosi. Wiki ya saba simu haikupokelewa. Alikuja wiki ya nane, na wakati huo mbao ilikuwa imelika upande mmoja, ng'ombe akitembea ameinama kama mtu aliyevaa kiatu kisicho na kisigino, na ukwato mzima uliokuwa ukibeba kila kitu ulikuwa umeanza kupata wekundu. Ulipona, lakini ilikuwa bahati. Kiatu kinachokaa kupita muda wake huhamishia mzigo na maumivu kule kulikokuwa salama, na fundi analijua hilo kuliko mimi.

La pili ni usafi wa zana. Walipofika mara ya kwanza, visu vilikuwa na mabaki makavu ya boma walilotoka, na vilioshwa kwa maji matupu hadi nilipouliza kuhusu dawa. Ndipo ndoo ya dawa ilipotoka chini ya kiti cha guta. Maana yake wanayo na wanajua inatumika vipi. Upo ugonjwa wa ngozi ya juu ya kisigino uliotambuliwa kwanza Italia mwaka 1974, wenye kidonda chekundu kinachouma sana, nao husafiri kwa visu na kwa tope la viatu kutoka banda moja hadi jingine. Mteja hapaswi kuomba ndoo itolewe. Mara ya pili na ya tatu niliiweka ndoo yangu mlangoni, na buti zao zilipita humo kabla ya zana.

La tatu ni dogo, ila kwa sisi wa vihamba lina uzito. Walinielekeza namna ya kuosha kwato kwa mrututu, kilo 5 kwa lita 100 za maji, wakanionyesha hadi kina kinachotakiwa kwenye beseni, lakini hawakusema maji hayo yamwagwe wapi yakishachafuka. Mrututu huu ndio uleule wazee wetu walioupulizia kahawa miaka nenda rudi, na shaba iliyomo haiondoki ardhini. Jirani yangu aliyapeleka kwenye shimo la samadi, na samadi hiyo ikaenda kwenye migomba. Kondoo wake wawili hula majani ya hapo hapo, na kondoo ndio wanyama wa kwanza kudhurika na shaba. Sentensi moja ya fundi ingetosha kumwepusha na hayo.

Pamoja na hayo nimewaita tena, kwa sababu mahali pengine ninapopajua ni kwenye panga na nyundo. Mara ya pili ilikuwa kazi ya kawaida, ile ya kurudiwa kila baada ya miezi sita hivi, kwani ng'ombe wa kufugia ndani hana mawe ya kukanyaga yanayomsaga kwato. Waliniambia nitandaze maranda makavu na nizibe mashimo ya sakafu yanayotuamisha mkojo, nami nilifanya yote mawili. Mara ya tatu mtamba wa Jezi, aliyekuwa amezaa mwezi uliotangulia, alikutwa na doa jekundu ambalo bado halijawa kidonda, akavishwa kiatu.

Safari hiyo nilibadili malipo. Nilimpa fundi fedha ya kukata yote, na ya kiatu nusu. Nusu nyingine nikamwambia itamsubiri siku ya kukitoa, wiki ya tano. Alicheka, akasema, "Mwalimu, hapo umenishika," akaandika tarehe kwa kalamu ya rangi kwenye bomba la kibanio chake. Alikuja siku mbili kabla.