Mafuta ya gari la mashindano: kwa nini nimebaki na E85

Gari langu halina namba za barabarani wala halijui foleni. Linapandishwa kwenye trela, linashushwa saketini, linachapwa dakika 20 bila huruma, linapoa, linarudishwa tena ndani. Injini ni ya lita 2, silinda 4, ina tabo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), na kompresheni yake, yaani kiasi ambacho silinda inabana hewa, ni 9 kwa 1. Nayataja haya mapema kwa sababu anayeuliza "nitie mafuta gani?" bila kusema kompresheni na presha ya tabo, bado hajauliza swali.

Injini hii hii nimeiendesha kwa petroli ya kituoni ya oktani 98, kwa petroli ya mashindano yenye madini ya risasi inayouzwa kwa pipa, na kwa E85, yaani petroli iliyochanganywa na ethanoli (aina ya pombe) nyingi, jina likidai asilimia 85. Kila moja ilipangiwa ramani yake (mipangilio ya kompyuta ya injini) kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu za gari, kwa hiyo silinganishi mafuta yaliyomwagwa tu tangini na kuombewa dua.

Nianze na ile 98. Haina ubaya wowote, na kama injini yako haina tabo na kompresheni iko kwenye 10 au 11, nakwambia ishia hapo, hela inayobaki nunua matairi. Oktani haiongezi nguvu yenyewe. Inapima tu mafuta yanavumilia kiasi gani kabla hayajajilipukia silindani bila kusubiri moto wa plagi uyafikie. Kujilipukia huko ndiko kugonga, na injini isiyogonga haina cha kufaidi kutoka kwenye oktani ya ziada.

Yangu iligonga. Presha ilipopita baa 1, fundi alilazimika kurudisha taimingi (wakati wa cheche ya plagi) nyuma hadi gari likawa zito kutoka kwenye kona. Halafu kuna jambo ambalo daino haikuonyeshi: saketini mzunguko wa kwanza unakuwa mtamu, ila ikifika wa tano au wa sita hewa inayoingia imeshapata joto, kompyuta inasikia kugonga, nayo inazidi kupunguza taimingi. Cheche ikichelewa, moto unaenda kumalizikia kwenye ekzosi na tabo ndiyo inayookwa. Unapoteza nguvu na bado unazidisha joto.

Petroli ya risasi ilitibu kugonga, hilo siwezi kuikatalia. Kilichoniudhi ni sensa ya oksijeni, ile ya kwenye ekzosi inayoonyesha mchanganyiko wa hewa na mafuta. Haifi ghafla, inaanza kwa uvivu. Unakanyaga, na namba kwenye skrini inachukua muda kufuata, kisha siku moja inakaa palepale hata ukiachia pedali. Risasi inaigandia. Hatari yenyewe ni kile kipindi cha uvivu, maana sensa inakudanganya na wewe bado unapanga mchanganyiko kwa kuiamini. Gari la zamani la kabureta lisilo na sensa halina wasiwasi huo. Ongeza kwamba risasi ni sumu na inapenya hata kwenye ngozi, hivyo glavu si urembo.

Na soma vizuri namba iliyoandikwa kwenye pipa. Oktani ina vipimo viwili, RON na MON. RON hupimwa injini ikizunguka mara 600 kwa dakika katika hali ya upole. MON hupimwa kwa mizunguko 900 na mchanganyiko ukiwa umepashwa joto, ndiyo maana mafuta yaleyale hupata namba ndogo zaidi kwa MON. Marekani hubandika wastani wa hizo mbili. Muuzaji anayekutajia "110" bila kusema ni kipimo kipi anakuuzia rangi ya pipa. Kwa injini ya mbio mimi naangalia MON kwanza.

Wapo pia wanaonishauri mafuta ya ndege, 100LL. Hizo herufi mbili, LL ("low lead"), zinadai risasi ni kidogo, lakini kiwango kinaruhusu hadi gramu 0.56 kwa lita. Sensa yako haitaona huo uchache.

Sasa E85. Ethanoli inahitaji joto zaidi ya mara mbili ya petroli ili kilo moja igeuke mvuke, na juu ya hapo unamwaga nyingi zaidi. Joto hilo inalichota kwenye hewa inayoingia silindani. Kwangu taimingi ilisogezwa mbele, cheche ikiwaka mapema kwa nyuzi 6 za mzunguko kuliko ile ya 98 kwa presha ileile, na fundi akaacha kuongeza kwa sababu nguvu zilikuwa zimekoma kupanda, si kwa sababu ya kugonga. Hapo ndipo unapotaka kufika: injini imepata taimingi inayoitaka yenyewe, na mafuta ya oktani kubwa zaidi yangekuwa kufuja hela. Mizunguko ya mwisho nayo sasa inafanana na ya pili.

Gharama zake ni za vyuma. Petroli inataka hewa kilo 14.7 kwa kilo moja ya mafuta. E85 inataka kama 9.8, yaani kwa hewa ileile lazima umwage mafuta mengi zaidi. Nozeli zangu za mwanzo za kunyunyizia mafuta zilifika mwisho wa uwezo kabla tabo haijaamka vizuri, pampu nayo ikabidi ibadilishwe. Matumizi yalipanda kwa karibu theluthi. Kwenye gari la barabarani hilo lingenikera, pamoja na ugumu wa kuwasha asubuhi ya baridi, lakini gari la saketi halisafiri na halitoki alfajiri kwenda kazini. Mipira ya mafuta nilibadilisha yote ikawa ya teflon. Oili nabadilisha mapema zaidi, maana ethanoli kidogo hupenya hadi huko chini.

Usumbufu mkubwa ni kwamba E85 si lazima iwe 85. Marekani kiwango kinaruhusu ethanoli kati ya asilimia 51 na 83, na tofauti hiyo inatosha kuharibu ramani nzima. Kwa hiyo kila pipa napima. Unachukua bomba la kioo lenye alama hadi mililita 100, unatia maji 10, unajaza mafuta hadi 100, unaziba na kutikisa vizuri. Ethanoli inakimbilia maji, petroli inabaki juu, na baada ya dakika chache unaona mstari safi unaozitenganisha. Mstari ukiwa kwenye 86, toa 10 za maji, gawanya kwa 90: una karibu asilimia 85. Baadaye nilifunga sensa ya ethanoli, ila bomba sijalitupa.

Methanoli niliikwepa. Inapoza kuliko hata ethanoli, lakini mwali wake hauonekani mchana. Kwenye mbio za Indianapolis mwaka 1981 dereva Rick Mears aliungua usoni akiwa amesimama kujaza mafuta kando ya saketi, na watu waliokuwa pembeni hawakuona moto. Mashindano hayo ya Marekani, IndyCar, yalihamia ethanoli mwaka 2007. Mimi najaza na msaidizi mmoja na kizimamoto kimoja, kwa hiyo nataka kuuona moto wangu.

Kabla ya kununua chochote, soma kanuni za mashindano yako. Baadhi hutaja mafuta ya kutumia na wakaguzi huchukua sampuli tangini. Na gari likikaa wiki kadhaa bila mbio, namwaga E85 yote, kwa sababu inavuta unyevu, kisha nazungusha petroli ya kawaida kwenye mfumo dakika chache kabla ya kuzima.