Tamasha la Wagiriki kanisani: msile tu mkaondoka

Kwa ndugu zangu mnaoishi Marekani na hamjawahi kufika kwenye tamasha la Wagiriki, ushauri wangu ni huu: nendeni, na mkifika msiishie kwenye mahema ya chakula. Ingieni kanisani. Watu wengi niliowaona walipanga foleni, wakala, wakapiga picha na wacheza ngoma, wakarudi kwenye magari yao. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi hatua chache tu kutoka pale walipokaa.

Nilikwenda na mke wangu na watoto, hapa Ohio. Parokia nyingi za Kigiriki, ambazo ni za Kiothodoksi, katika jimbo hili hufanya tamasha kila mwaka, kuchangia kanisa na kuwakaribisha majirani. La Columbus hufanyika kwenye kanisa kuu la Kupashwa Habari Maria, wikiendi ya Sikukuu ya Wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba. La Cincinnati, ambalo wenyewe huliita Panegyri, huwa Juni. Sisi tulikwenda kwenye parokia ndogo, na nadhani udogo ule ulitusaidia, maana anayekuuzia chakula ndiye huyo huyo utakayemkuta baadaye akiwaelekeza watu kanisani.

Chakula ni kizuri, sina ubishi. Kuna pastitsio, makaroni yaliyopangwa na nyama ya kusaga na kufunikwa na mchuzi mzito wa maziwa, halafu yakaokwa. Kuna spanakopita, mchicha na jibini ya feta ndani ya tabaka nyembamba za unga, ukiuma zinavunjika mpaka kifuani. Kwa Waislamu: ulizeni kwanza. Souvlaki ni mishkaki yao, na huku Marekani mara nyingi huwa ya nguruwe au kuku. Gyro kwa kawaida ni ng'ombe na kondoo vikichanganywa, lakini neno halali sikuliona limeandikwa mahali popote. Dolmades, wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu, wakati mwingine huwa na nyama ndani na wakati mwingine hazina. Waliokuwa wakihudumu walijibu kila swali bila kuchoka.

Banda nililosimama muda mrefu kuliko yote ni la loukoumades. Mtu wa Tanga akiziona atasema hizi ni kaimati, na hatakuwa amekosea sana. Mama mmoja wa makamo alikuwa amechota donge la unga kwa mkono wa kushoto, analiminya linatokeza juu ya ngumi, kisha analikata kwa kijiko kilicholowekwa maji na kulidondosha kwenye mafuta. Mkono haukusita hata mara moja. Ndivyo nilivyowaona majirani zetu wa Ngamiani, mtaa wetu kule Tanga, wakifanya kila Ramadhani nilipokuwa mtoto. Tofauti iko kwenye utamu: sisi tunazizungusha kwenye shira ya sukari yenye iliki mpaka ikauke na kushika, wao wanamwagia asali, mdalasini na njugu aina ya walnut. Mke wangu anasema zao ni laini zaidi. Mimi bado nampa ushindi jirani wa Ngamiani. Na mkinunua baklava, angalieni juu ya kila kipande: kimechomekwa karafuu moja nzima. Itoeni kabla ya kuwapa watoto.

Yasiyopendeza yapo. Maegesho yalijaa mapema, ikabidi tuache gari mbali na kutembea na mtoto mdogo juani. Foleni ya nyama ya kondoo ilikuwa ndefu, na tulipokaribia mbele tukaambiwa imekwisha. Spika zilifunguliwa kwa nguvu mno, kwenye meza za karibu na jukwaa huwezi kuzungumza. Bei za sahani nazo si za mtaani. Sikuona ugumu kulipa nilipojua kwamba wanaopika ni waumini wenyewe, na kwamba akina bibi wa parokia huanza kuoka biskuti na kuzigandisha wiki nyingi kabla ya siku yenyewe.

Kisha ngoma. Wanaanza watoto wadogo, wanafuata vijana, halafu wakubwa. Kalamatianos huchezwa kwa duara, watu wameshikana mikono, na anayeongoza ana kitambaa mkononi. Mapigo yake ni saba, kwa hiyo ukijaribu kupiga makofi kama ulivyozoea unaachwa. Tsamikos ni ya taratibu zaidi, kiongozi anaruka na kuzunguka huku mwenzake amemshikilia kwa kile kitambaa. Wavulana walivaa foustanella, sketi nyeupe ya marinda ambayo kwa mapokeo huwa na marinda 400, kukumbuka karne nne chini ya Waturuki. Niliguswa na watoto wale. Wamezaliwa Marekani, wengi wao na wazazi wao pia wamezaliwa Marekani, maana Wagiriki walimiminika huku tangu miaka ya 1890 kufanya kazi za reli, migodi na viwanda. Bado wanajua hatua, na wanaitikia nyimbo. Wangu wamezaliwa huku vilevile, nawasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza. Nilimuuliza mzazi mmoja wanafanyaje. Akasema mazoezi ni kila wiki, mwaka mzima, kwenye ukumbi wa kanisa, na shule ya lugha iko hapo hapo. Hakuongeza kitu kingine, na sidhani kama kuna siri nyingine.

Sasa kanisani. Ziara inatangazwa kwenye kipaza sauti na haina malipo. Tulipoingia ukumbi wa mbele tulikuta sinia lenye mchanga, mishumaa myembamba ya nta imechomekwa humo, kila anayeingia anawasha wake. Padri alitukalisha kwenye viti, akaanza kwa kutuelekeza tutazame juu. Ndani ya kuba amechorwa Kristo Mtawala wa Vyote, mkono mmoja ukibariki na mwingine umeshika Injili. Mimi nimelelewa Mkatoliki, nimezoea sanamu. Humu hakuna hata moja, yote ni ikoni, picha takatifu za rangi na dhahabu. Mbele kuna ukuta wa ikoni unaotenga altare: Kristo upande wa kulia wa lango la katikati, Mama yake upande wa kushoto. Kwenye mbao mbili za lango lenyewe wamechorwa malaika Gabrieli upande mmoja na Maria upande wa pili. Mlango ukifungwa, wanatazamana, na ile habari njema inapita katikati yao. Padri alieleza kwamba tarehe 25 Machi wanasherehekea hiyo, na siku hiyo hiyo Wagiriki wanaadhimisha vita vya uhuru vya 1821.

Mke wa padri alikuwepo, amekaa benchi la nyuma na wajukuu. Kwao mwanamume aliyekwisha kuoa anaweza kupewa upadri. Wanaotakiwa wasiwe na mke ni maaskofu. Nilimuuliza padri pia kuhusu Kanuni ya Imani, maana sisi Wakatoliki tunasali Roho Mtakatifu atokaye kwa Baba na Mwana, wao wanaishia kwa Baba. Alinijibu kwa upole na kwa kirefu, mpaka binti yangu akanivuta shati.

Nilipotaja kwamba natoka Tanga, alishtuka kwa furaha. Alikuwa anajua habari za Wagiriki waliokuwa na mashamba ya mkonge Tanganyika. Nikamwambia Arusha ipo shule ya St Constantine's iliyoanzishwa na jamii yao. Yeye akaniambia kwamba Waothodoksi wa Afrika wako chini ya Patriarki, yaani mkuu wa kanisa, wa Aleksandria, si wa Konstantinopoli kama wao wa Marekani, na kwamba kuna maaskofu wa Kiothodoksi Dar es Salaam na Mwanza, na seminari Riruta, Nairobi, yenye jina la Askofu Mkuu Makarios III wa Kipro. Nimeishi Tanzania utoto wangu wote bila kuingia kanisa lao hata mara moja.

Kwa watakaokwenda: siku ya Ijumaa mchana ndiyo yenye nafasi, Jumamosi jioni ndiyo yenye ngoma nyingi. Jumapili asubuhi kuna Liturujia, na mgeni anakaribishwa. Komunyo ni ya Waothodoksi peke yao, lakini mwishoni padri hugawa mkate uliobarikiwa, na huo hata sisi tunapewa.