COUNTUNIQUE ya Google Sheets: wafugaji wangu ni 46, si 70

Mimi ni karani wa kituo cha kukusanyia maziwa huku Rungwe. Mfugaji akileta maziwa naandika mstari mmoja: tarehe, namba ya kadi, zamu, lita. Mwisho wa mwezi mwenyekiti anataka kujua wameleta wafugaji wangapi asubuhi na wangapi jioni. Zamani nilikuwa natia alama kwa penseli kwenye daftari la wanachama, na ubishi ulikuwa palepale.

Siku hizi natumia pivoti ya Google Sheets, yaani jedwali linalokusanya mistari yote na kuihesabu kwa makundi. Zamu naiweka kwenye mistari, namba ya kadi kwenye thamani, halafu lazima nibadilishe hesabu mwenyewe iwe COUNTUNIQUE. Kadi zetu ni tarakimu tupu, kwa hiyo inayokuja yenyewe ni SUM, yaani kujumlisha. Mwezi wa kwanza sikuangalia, nikapeleka ripoti ya wafugaji milioni mbili na ushee kwa kituo kimoja. Nilikuwa nimejumlisha namba za kadi! COUNTA nayo inahesabu kila mstari, yaani kila ndoo iliyofika. COUNTUNIQUE ndiyo inayomhesabu mtu mara moja, hata akija siku thelathini.

Ila haikusahihishii uchafu. Kuna mwezi alizidi mfugaji mmoja wa jioni. Nikabonyeza ile namba mara mbili, likafunguka karatasi jipya lenye mistari yote iliyohesabiwa, nikaanza kushuka nalo taratibu. Kumbe kijana wa zamu aliandika 1O47, herufi O badala ya sifuri. Kwa macho ni kadi ileile, kwa kompyuta ni mtu mwingine kabisa.

Nikitaka zamu moja tu, situmii pivoti. Naandika =COUNTUNIQUEIFS(B:B,C:C,"jioni"), B ikiwa safu ya kadi na C ya zamu, na kazi imekwisha.

Mwezi uliopita asubuhi ilitoka 41, jioni 29, na jumla kuu 46. Mwenyekiti akavua miwani.

“Binti, 41 na 29 ni 70. Hawa wengine umewapeleka wapi?”

“Mzee, 24 wanaleta zamu zote mbili. Wewe mwenyewe asubuhi unaleta, jioni unaleta. Nikuandike wawili?”

Akavaa miwani, akasaini.