arXiv kwa wafuatiliaji wa maada ya giza: nyota 4.5 kati ya 5

Kama umechoka na vichwa vya habari vya "wanasayansi wameona maada ya giza" (ile maada isiyoonekana, inayojulikana kwa mvuto wake tu), achana navyo nenda moja kwa moja arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala za kisayansi. Bure, hakuna kujisajili, PDF inashuka hata kwa bando dogo, na siku hizi makala nyingi mpya zina HTML inayosomeka vizuri kwenye simu.

Ninachoipendea zaidi ni kwamba matoleo ya zamani hayafutwi. Chukua makala namba 2006.09721, ile ya Juni 2020 ya XENON1T, mtambo wa zenoni wa kutafuta maada ya giza. Jamaa wa maabara ya Gran Sasso kule Italia walitarajia matukio kama 232 kutoka vyanzo vinavyojulikana, kati ya keV 1 na 7 (keV ni kipimo cha nishati), wakahesabu 285. Mitandao ikawaka, aksioni za jua, aksioni za jua! (Aksioni ni chembe za kwenye nadharia, hazijathibitishwa bado.) Sasa fungua makala yenyewe uone walivyoandika kwa utulivu: yawezekana ni aksioni, au nyutrino (chembe nyepesi mno zisizo na chaji) zenye sumaku kubwa kuliko tulivyozoea, au chembe za maada ya giza zenyewe, au ni tritiamu tu (haidrojeni yenye mnururisho) iliyojichanganya humo, tena chini ya atomi 3 kwa kilo ya zenoni, kiasi kidogo mno hawakuweza kukithibitisha wala kukikataa. Yaani atomi tatu kwenye kilo nzima! Hapo ndo utaelewa kwa nini hawa watu hawakimbilii kushangilia. Toleo la kwanza aksioni zilipewa sigma 3.5 (sigma ikiwa kubwa, ni vigumu zaidi ishara kuwa bahati tu), baadaye ikashuka 3.4, na yote yapo palepale ulinganishe. Halafu soma 2207.11446 ya 2022, XENONnT, mtambo mkubwa zaidi na matukio ya uchafu, yaani yanayotoka vyanzo vya kawaida visivyotafutwa, yamepunguzwa kama mara 5: ile ziada haipo.

Nusu nyota nimekata kwa sababu makala zinapanda kabla wataalamu wengine hawajazipitia, na baada ya ile ya XENON1T zilimiminika za nadharia kibao, mgeni hajui ashike ipi aache ipi. Anza na ya kundi la jaribio lenyewe, na kabla ya hitimisho nenda kwenye grafu inayoonyesha uchafu wote waliouhesabu.

Ukimaliza hapo tafuta DAMA/LIBRA, jaribio jingine la maada ya giza la Gran Sasso linalotumia fuwele, wanaosema ishara yao inapanda kila mwaka karibu na mwanzo wa Juni, kisha linganisha na majaribio ya COSINE-100 ya Korea Kusini na ANAIS-112 ya Hispania: fuwele aina ileile, lakini wao hawaoni huo mpando. Zote zipo humo, bure.